Bunduki ya Tembo na Risasi Inayojazwa kwa Mkono

Mtu akitoka Kigali kuelekea kusini, akavuka daraja la mto Nyabarongo na kushika barabara ya Nyamata, huingia katika nchi ya Bugesera, ambayo leo inajulikana kwa mashamba yake, maziwa yake na uwanja mpya wa ndege unaojengwa huko. Ni vijana wachache wajuao kwamba hadi mwaka 1975 nchi hiyo ilikuwa makao ya tembo. Watu walikuwa wamehamia kwa wingi, vichaka vikafyekwa, na kila mazao yalipokaribia kuvunwa mkulima na tembo wakagombea shamba moja. Mwaka huo shauri likakatwa. Tembo wadogo 26 walikamatwa na kuhamishiwa Hifadhi ya Akagera, mashariki ya nchi. Wakubwa, ambao idadi yao ilizidi mia moja, waliuawa kwa risasi.

Wale wadogo wakakua, wakazaa, na leo tembo wa Akagera wamezidi mia moja. Mmoja wao, aliyeitwa Mutware, alipata sifa ya kuyapondaponda magari ya wageni, akafa mwaka 2018 akiwa mzee. Simba wakarudishwa Akagera mwaka 2015, vifaru weusi mwaka 2017. Na mwezi wa Juni mwaka huo huo wa 2017 mtaalamu wa vifaru kutoka Hungary aliuawa na mmoja wa wanyama hao alipokuwa akiwafuatilia porini. Tunayataja haya ili ieleweke kwamba mnyama mkubwa si hadithi ya babu zetu. Yupo, na popote alipo katika Afrika Mashariki hubidi awepo mtu mwenye bunduki ya kumzuia, awe askari wa wanyamapori anayelinda kijiji, au, kama ilivyo Tanzania ambako uwindaji wa leseni unaendelea, mwindaji bingwa anayesimama nyuma ya mgeni wake.

Katika makala haya hatutazungumzia sana bunduki hiyo. Tutazungumzia kitu kinachoingia ndani yake, yaani risasi, na hasa ile ambayo mwenyewe huijaza kwa mkono, mezani, kwa mizani na kwa subira. Kuna mengi humo ambayo askari wenzetu wa jeshi na polisi watayatambua.

Kwanza tupime ukubwa wa jambo lenyewe. Risasi ya AK-47 hurusha kichwa chenye uzito wa gramu 7.9 kwa mwendo wa mita zipatazo 715 kwa sekunde, nacho hubeba nguvu ya juli kama 2,000. Risasi ya milimita 7.62 ya NATO hufika juli 3,300 hivi. Sasa tazama risasi ya .458 Winchester Magnum, mojawapo ya zile zinazotumiwa sana kwa tembo na nyati. Kipenyo cha kichwa chake ni milimita 11.6, uzito wake gramu 32.4, yaani mara nne ya kile cha AK. Na kikitoka kwa mita 650 kwa sekunde hubeba juli zaidi ya 6,800. Nguvu hiyo haiendi mbele tu. Sheria ya maumbile hudai malipo, na malipo hayo hulipwa na bega la mpigaji.

Neno magnum lenyewe ni la Kilatini, maana yake "kubwa", nalo lilianza katika chupa za mvinyo kabla mafundi wa bunduki wa Uingereza hawajaliazima kwa ganda linalobeba baruti nyingi kuliko kawaida. Magnum nyingi huwa na mkanda wa shaba uliozunguka kitako cha ganda. Wengi hudhani mkanda huo ni wa kulitia ganda nguvu. Sivyo. Kazi yake ni kulizuia ganda lisizame mno ndani ya chemba, basi.

Asidhani msomaji kwamba ukubwa ndio kila kitu. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Alichokitaka katika risasi kilikuwa kimoja: iwake kila inapopigwa. Ndiyo maana alizipenda risasi za kiwanda kimoja cha Ujerumani, kwa kuwa hazikumwangusha. Wenye maarifa kama ya Bell ni wachache, na leo sheria ya Tanzania haimruhusu mwindaji kumwendea tembo au nyati kwa kaliba iliyo chini ya .375. Lakini dai lake kuhusu risasi limebaki vile vile.

Taabu ya risasi kubwa katika nchi zetu ilianza na joto. Baruti ya kordaiti, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1889, ilikuwa nyuzi ndefu kama tambi, na tabia yake moja mbaya ni kwamba kadiri inavyopashwa moto na jua ndivyo inavyoungua kwa kasi na kuzidisha shinikizo ndani ya mtutu. Risasi iliyopimwa katika baridi ya London ilipofika India au Sudan ganda lake lilinasa ndani ya chemba, likakataa kutoka. Fikiria hali ya mtu ambaye ganda limemnasia huku nyati anakuja. Viwanda vikalazimika kutengeneza risasi za nchi za joto, zenye baruti pungufu. John Rigby alipotoa .416 yake mwaka 1911 aliipa ganda pana kusudi baruti ikae kwa nafasi na shinikizo lisipande mno; na kampuni ya Holland & Holland, ilipotoa .375 Magnum mwaka 1912, ililifanya ganda lichongoke kama kabari, lipate kutoka kwa urahisi.

Kuna kisa cha pembeni ambacho polisi watakifurahia. Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilipiga marufuku kuingiza India na Sudan bunduki za uwindaji za kaliba ya .450. Haikuwa huruma kwa wanyama. Bunduki za jeshi za Martini-Henry zilizokuwa mikononi mwa waasi zilikuwa za kaliba hiyo, na wakubwa waliogopa kwamba risasi za mwindaji zingeishia katika bunduki ya mpiganaji. Mafundi wa London wakazunguka sheria kwa kuzaa kaliba mpya: .465, .470, .475 na nyinginezo. Hivyo, kama mtu ataona ajabu kwamba bunduki za tembo zina namba nyingi zilizokaribiana, sababu moja ni amri hiyo iliyohusu ghala la silaha.

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ikaleta .458. Wazo lilikuwa jema: kumpa mwindaji wa kipato cha kawaida nguvu ya zile bunduki za mitutu miwili za Kiingereza, ambazo bei yake ilikuwa ya matajiri, na kuitia nguvu hiyo katika ganda fupi la milimita 63.5 litakaloingia katika bunduki ya bolti ya kawaida. Ahadi ya kiwanda ilikuwa mita 650 kwa sekunde. Risasi hiyo ikaenea, ikashika nafasi ya zile za zamani.

Hapo ndipo matatizo yalipojificha. Ganda lilikuwa fupi na kichwa kilikuwa kirefu, kwa hiyo baruti ya kuifikia ahadi haikuenea bila kushindiliwa kwa nguvu. Kiwandani ilifanya kazi. Lakini risasi husafiri, hukaa melini, hukaa ghalani, hutikiswa ndani ya gari mwezi baada ya mwezi katika joto la pori. Baruti iliyoshindiliwa ikagandamana na kuwa donge, na donge haliungui kama punje zilizo huru. Fataki iliwaka, mlio ulisikika, bunduki ilipiga teke, lakini baruti haikuungua yote na kichwa kilitoka kwa mwendo pungufu. Isitoshe, ahadi ya kiwanda ilipimwa kwa mtutu wa sentimita 66, ilhali wengi waliotembea nayo porini walibeba mitutu mifupi zaidi. Kichwa kile kile cha gramu 32.4 kikishuka hadi mita 600 kwa sekunde hupoteza juli elfu moja, nayo ni nusu ya nguvu yote ya risasi ya AK. Katika fuvu la tembo, ambalo mbele ya ubongo wake kuna mfupa mnene wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki, upungufu huo ndio tofauti kati ya kuufikia ubongo na kuishia njiani.

Ubaya wa kasoro ya namna hii ni kwamba haina dalili. Risasi isiyowaka kabisa humwonya mtu; ile inayowaka nusu humdanganya.

Mwindaji mmoja Mmarekani, Jack Lott, aliumizwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458 mkononi. Hakuitupa bunduki. Alikaa akafikiri kwa miaka, na mwaka 1971 akaja na jibu lake: alichukua ganda refu la .375, akalipanua mdomo ulingane na kichwa cha .458, akalikata lifikie milimita 71. Amelirefusha ganda la zamani kwa milimita saba na nusu, upana wa punje ya hindi, lakini nafasi hiyo ilitosha baruti kukaa bila kusongwa, na kichwa kile kile kikatoka kwa mita 700 kwa sekunde. Kwa miaka mingi .458 Lott haikuuzwa madukani hata kidogo. Aliyeitaka aliijaza mwenyewe kwa mkono. Ni mwaka 2002 tu kampuni kubwa ya bunduki ya Ruger ilipoanza kuunda bunduki za kaliba hiyo, nayo Hornady ikatoa risasi zake. Kwa bahati njema bunduki ya Lott humeza pia risasi fupi ya Winchester, kwa hiyo mwenye nayo akiishiwa ugenini hana haja ya kurudi kambini mikono mitupu.

Sasa kujaza kwa mkono ni nini? Risasi nzima ina viungo vinne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni, baruti iliyo ndani, na kichwa kilicho mdomoni. Kinachotumika mara moja ni vitatu vya mwisho. Ganda huweza kutumika tena, na kwa kuwa kaliba hizi ni ghali na adimu, ganda moja hutunzwa kama sufuria ya urithi.

Askari ataulizia maganda anayoyaokota baada ya mazoezi ya shabaha. Hayo hayafai kwa kazi hii, na sababu yake imo katika tundu. Risasi nyingi za AK zina ganda la chuma cha pua na fataki ya mtindo wa Berdan, ambao una vitundu viwili vidogo, na fataki iliyotumika haisukumiki kwa sindano kutoka ndani. Mtindo wa Boxer una tundu moja katikati, na fataki hutoka kwa msukumo mmoja. Kwa kichekesho cha historia, Berdan alikuwa kanali wa Marekani na mtindo wake ukatawala Ulaya; Boxer alikuwa ofisa wa Kiingereza na mtindo wake ukatawala Marekani. Aidha, risasi ni mali inayohesabiwa, na kuzijaza bila kibali cha Serikali ni kosa kabla hata baruti haijamwagwa. Kwa hiyo tunaeleza kazi ya wenye leseni, katika nchi ambazo sheria zinairuhusu.

Mjazaji huanza na ganda. Hulisafisha, hulikagua kwa jicho kama lina ufa mdomoni, kisha hutumbukiza ndani yake waya uliopindwa ncha na kupapasa ukuta karibu na mkanda. Ganda la magnum hunyooka kila linapopigwa na ukuta wake hukonda mahali hapo. Waya ukikwama katika kijifereji kisichoonekana kwa nje, ganda hilo limekwisha, linatupwa. Lililo zima hupakwa mafuta kidogo, husukumwa katika kalibu ya chuma ili lirudie umbo lake, hupimwa urefu na kukatwa likizidi. Ndipo fataki mpya hukaa kitakoni, kwa ukubwa unaofaa, maana baruti nyingi huhitaji moto mkali wa kuiwasha.

Kisha huja baruti, na hapa ndipo kazi inapoitwa kazi. Baruti hupimwa kwa greni, kipimo ambacho gramu moja ni greni kumi na tano na zaidi. Hatutaandika vipimo hapa, kwa kuwa kila mtutu una tabia yake na kipimo salama kwa bunduki moja huweza kuvunja nyingine. Mjazaji hukifuata kitabu cha mtengeneza baruti, huanza chini ya kiwango cha juu kwa sehemu moja ya kumi, hutengeneza risasi chache, huzipiga, hupima mwendo wake kwa kronografu, hutazama maganda, na ndipo hupanda hatua ndogo. Ganda huzungumza na anayelijua. Fataki iliyobapa kabisa, alama ya kung'aa kitakoni, bolti inayogoma kufunguka: zote ni ilani kwamba shinikizo limepita kiasi. Mwenye akili hurudi nyuma hatua mbili. Wala asijione salama kwa kupunguza mno, kwani baruti ya polepole ikiwekwa kidogo katika ganda kubwa huungua ovyo na huweza kuleta shinikizo la ghafla.

Tunaona kosa kubwa la wajazaji wengi ni kufukuza mwendo. Mita ishirini za ziada kwa sekunde tembo hazitambui. Kinachotakiwa ni kwamba risasi ya kwanza na ya ishirini ziwe ndugu wa tumbo moja. Anayepata mita 640 kila mara amemshinda anayepata 670 leo na 610 kesho. Kwa wenye bunduki za mitutu miwili sharti hili ni kali zaidi: fundi aliiunganisha mitutu hiyo ili vichwa vyake vikutane mahali pamoja kwa mwendo mmoja maalumu, na mwendo ukibadilika kila mtutu hupiga upande wake.

Kigali ni mahali pazuri kulielewa jambo la joto. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa yake haibadiliki sana mwaka mzima, na mtu angeweza kudhani kwamba risasi iliyopimwa asubuhi itakuwa ile ile jioni. Angekuwa sahihi kama risasi ingekaa kivulini. Ikilazwa nyuma ya kioo cha gari lililoegeshwa juani saa nane mchana, hupata joto ambalo mkono hauvumilii, na baruti za aina kadhaa hupandisha shinikizo kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo mjazaji mwangalifu hupima mara mbili: risasi za kivulini, na risasi zilizoachwa juani. Kuhusu mwinuko wenyewe, hewa nyepesi ya milimani humsaidia anayelenga mbali. Kwa tembo aliye hatua thelathini haina maana yoyote.

Kichwa nacho kina habari zake. Kwa tembo hutumika kichwa kigumu kisichopasuka. Zamani kilikuwa risasi nyeusi iliyovikwa koti la chuma. Siku hizi vingi huchongwa kwa shaba tupu au shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Hivi vya shaba ni virefu kuliko vya zamani kwa uzito ule ule, hivyo huingia ndani zaidi ya ganda na kula nafasi ya baruti, na anayebadili kichwa bila kuanza kipimo upya hujitafutia balaa. Ndiyo sababu wengi wenye .458 fupi huchagua kichwa cha gramu 29 badala ya 32.4.

Ili kujua kichwa kinapenya kiasi gani, hufungwa matita ya magazeti, yakaloweshwa maji usiku kucha, yakapangwa nyuma ya ubao. Kichwa kikishatua, hufunuliwa kurasa moja moja na kuhesabiwa. Sisi tunaoandika magazetini hatuwezi kulalamika. Makala mengi hayakuwahi kusomwa kwa makini kiasi hicho.

Majaribio haya hayafanywi kwa pupa, kwa kuwa teke la .458 ni zaidi ya mara tatu ya lile la bunduki ya NATO. Baada ya risasi chache bega huanza kuogopa kabla kidole hakijavuta, na mpigaji anayefumba macho hupima woga wake, si risasi. Wenye uzoefu hupiga kumi, huweka bunduki chini, hurudi siku nyingine.

Teke hilo hilo huleta hila ya mwisho. Kila risasi inapopigwa, zile zilizobaki ndani ya magazini hugonga ukuta wa mbele, na kichwa kisichobanwa sawasawa husukumwa nyuma ndani ya ganda, shinikizo likapanda, au risasi ikakataa kupanda chemba. Kwa hiyo mdomo wa ganda hubanwa katika mfuo uliochongwa kichwani. Kisha huachwa risasi moja ndani ya magazini, nyingine zikapigwa juu yake, na ile moja ikatolewa na kupimwa urefu kama umebaki ule ule. Mwisho kabisa, risasi zote zilizokusudiwa kwenda porini, bila kubakiza hata moja, hupitishwa katika magazini na chemba ya bunduki ile ile itakayobebwa, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama.

Zinazopita hutiwa kashani, na juu ya kasha hubandikwa karatasi yenye tarehe, jina na uzito wa baruti, aina ya fataki, aina ya kichwa, idadi ya safari ambazo maganda yamekwisha kujazwa, namba ya bunduki iliyotumika katika majaribio, na joto la siku ile. Risasi zikikutwa katika kasha lisilo na karatasi hiyo, hufunguliwa moja moja, vichwa vikawekwa kando, na baruti ikateketezwa mahali pa wazi.